Meyer wa mlimani, Meyer wa meli, na Meyer wa shemeji

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi. Nalifupisha: "Mume wangu ni Mjerumani, kwao ni vijijini upande wa Osnabrück, na jina la ukoo ni Meyer. Shuleni wenzake binti yetu wanamwita 'mtoto wa meya'. Majirani wanashikilia kwamba sisi ni ukoo wa yule Hans Meyer aliyepanda Kilimanjaro. Mwingine kaniambia hilo ni jina la Kiyahudi. Na tulipokwenda kwa wakwe nikaona kaburi la babu yake mume wangu limeandikwa Meier, si Meyer. Nimwambie nini mtoto?"

Dada, nianze na hao watoto wa shule, maana kati ya wote waliokwambia jambo, wao ndio waliokaribia ukweli, ingawa wenyewe hawajui. Neno letu "meya" tulilipata kwa Waingereza, wao wakalipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini: maior, yaani aliye mkubwa zaidi. Meja wa jeshini naye katoka humo humo. Meyer ni neno hilo hilo la Kilatini lililopita njia nyingine, likaingia vinywani mwa Wajerumani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walichokosea watoto ni matamshi tu. Ujerumani hakuna anayesema "Meya". Husema "Maia", liwe limeandikwa Meyer, Meier, Maier au Mayer. Jitambulishe kwa jina hilo kwenye kaunta yoyote ya huko, karani atakuuliza papo hapo: kwa ypsilon, yaani y, au kwa i? Kwa e au kwa a?

Ila Maia wa zamani hakuwa mkuu wa mji. Alikuwa mnyapara.

Enzi za ukabaila, ardhi ilikuwa mikononi mwa wafalme, makabaila, maaskofu na watawa wa abasia kubwa. Tajiri mmoja aliweza kumiliki mashamba yaliyotawanyika, siku mbili tatu za safari kutoka moja hadi jingine, na yeye mwenyewe asilione jembe mwaka mzima. Katika kila shamba kuu aliweka mtu wake. Huyo ndiye aliyehakikisha watwana wanatimiza siku zao za kazi ya lazima, nafaka inaingia ghalani, kuku na mayai ya kodi yanaletwa kwa wakati, na ugomvi mdogo mdogo wa kijijini unaamuliwa. Kwenye hati za Kilatini aliandikwa villicus au maior. Wanakijiji, ambao Kilatini kilikuwa kinawapita juu, wakaligeuza maior likawa meier.

Kuna hati moja ya karibu mwaka 800 iitwayo Capitulare de villis, yenye amri za kifalme juu ya uendeshaji wa mashamba ya mfalme wa Wafranki. Kwa kawaida huhusishwa na Karolo Mkuu. Mimi naipenda kwa sababu inatuonyesha mnyapara huyu kwa karibu. Kifungu kimoja kinasema asipewe eneo kubwa kuliko lile analoweza kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Kingine kinaagiza kwamba wanyapara wasichaguliwe miongoni mwa watu wenye nguvu, bali watu wa kati ambao ni waaminifu. Aliyeandika alijua anachokiogopa. Mnyapara mwenye nguvu zake mwenyewe hachelewi kujiona ndiye mwenye shamba. Wala hakuwa na haja ya kutafuta mfano mbali, kwa sababu ukoo wa Karolo mwenyewe ulipanda kwa ngazi hiyo hiyo. Msimamizi wa nyumba ya mfalme, maior domus, ndiye aliyekuja kushika utawala wote wa Wafranki, hadi mwaka 751 Pipino Mfupi, aliyekuwa na cheo hicho, akamwondoa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Merovingi na kukalia kiti yeye. Pipino ndiye baba yake Karolo Mkuu.

Wanyapara wa shambani hawakupata kiti cha enzi, lakini nao hawakutoka mikono mitupu. Katika karne ya 12 na ya 13 wenye ardhi wengi waliona ni afadhali kukodisha mashamba kwa kodi inayojulikana kuliko kuhangaika na kazi za lazima. Aliyekuwa msimamizi akawa mpangaji, na kwa kawaida alichukua shamba kuu lenyewe. Huko Niedersachsen, jimbo alikotoka shemeji, mpango huo ulizaa sheria kamili iliyoitwa Meierrecht. Mpangaji alishika shamba kwa kodi isiyopandishwa ovyo, na polepole haki hiyo ikawa ya kurithishwa, kwa sharti kwamba shamba lisigawanywe: mtoto mmoja alirithi, wengine wakatafute maisha. Kufikia hapo Meier si mnyapara tena, ni mkulima wa daraja la juu kijijini. Hata madaraja yakaandikwa: Vollmeier ni mwenye shamba zima, Halbmeier ni mwenye nusu. Kusini, Bavaria na Austria, shamba kubwa la kijiji liliitwa Mayrhof au Maierhof, na aliyekaa humo jina lake lilikuwa tayari linamngoja. Upande wa kaskazini utakuta pia neno Meierei, ambalo leo ni kiwanda cha maziwa, kwa kuwa kazi ya maziwa na siagi ilikuwa sehemu ya mashamba hayo.

Majina ya ukoo Ujerumani yalishika mizizi hatua kwa hatua, kuanzia karne ya 12 mijini na baadaye sana vijijini. Wakati huo kila kijiji kilikuwa na msagishaji wake, mhunzi wake, mfumaji wake, na Meier wake. Ndiyo maana orodha ya majina yaliyoenea zaidi leo inasomeka kama orodha ya wafanyakazi: Müller wa kinu, Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, Fischer mvuvi, Weber mfumaji, na Meyer hayuko mbali nao. Hapo ndipo penye jibu la swali lako kubwa. Meyer halikuanzia kwa babu mmoja. Lilianza mara maelfu, mahali maelfu, na watu wasiojuana. Ni cheo cha kazi kilichoganda kikawa jina.

Kwa kuwa shemeji ni wa upande wa Osnabrück, kuna jambo moja la huko ambalo limewachanganya watafiti wengi wa nasaba. Katika sehemu za Westfalia, Lippe na Osnabrück, jina lilifuata shamba kuliko lilivyofuata damu. Kijana aliyeoa binti mrithi wa shamba la Meyer aliacha jina la baba yake na kuitwa Meyer, na watoto wake wote wakawa Meyer. Kwenye vitabu vya kanisa paroko au mchungaji aliandika jina la kuzaliwa, kisha neno genannt, yaani "aitwaye", mara nyingi kwa kifupi gen., kisha jina la shamba. Unaweza kumfuata Meyer mmoja nyuma vizazi vitatu, ghafla baba yake akawa mtu mwenye jina jingine kabisa. Usidhani ni kosa la mwandishi wala siri ya familia. Fedheha haimo, ni shamba linaendelea. Desturi hiyo ilikufa katika karne ya 19, serikali zilipoanza kukataza watu kubadili majina bila kibali.

Kijijini palipokuwa na akina Meier wawili watatu, ilibidi watofautishwe, na hapo ndipo yalipozaliwa majina marefu yenye mkia wa -meier. Obermeier ni Meier wa juu, Niedermeier ni wa chini. Niemeyer, kwa umbo la kaskazini, ni Meier mpya, na ndilo jina alilokuwa nalo Oscar Niemeyer, msanifu wa majengo ya Brasília. Kirchmeier ni wa karibu na kanisa, Buschmeyer wa penye vichaka, Steinmeier wa penye mawe. Eneo la Westfalia Mashariki na Lippe limejaa majina ya aina hii. Ukisoma vibao vya milango huko utadhani watu wamekubaliana. Lugha nayo ikaufanya mkia huo uwe wa kutania: Schlaumeier ni mjuaji, yule asiyeambilika, na Vereinsmeier ni mtu ambaye hakosi kwenye kamati yoyote. Hata kipindi cha sanaa na samani kiitwacho Biedermeier kilipata jina lake kwa mshairi wa kubuni wa gazeti moja la vichekesho.

Sasa lile kaburi la babu. Usiumize kichwa. Kwa karne nyingi hapakuwa na tahajia rasmi ya majina. Mwandishi aliandika alivyosikia, na kalamu ikibadilika mkono jina nalo hubadilika. Ndugu wawili waliobatizwa kanisa moja wanaweza kuwa mmoja Meyer na mwingine Meier. Tahajia zilianza kukaza pale usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulipotoka kanisani kwenda serikalini: Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani, mwaka 1874, na dola zima la Ujerumani kuanzia tarehe 1 Januari 1876. Tangu hapo herufi aliyoiandika msajili ndiyo iliyobaki. Babu yake mumeo amezaliwa baada ya hapo, bila shaka, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa ndicho kitakachokata maneno. Huenda jiwe limeandikwa na fundi aliyezoea tahajia ya jirani, na huenda pia ni tawi moja la familia ndilo lililobadilika. Bila cheti, mimi nisingechagua upande.

Hata hivyo tahajia ina faida yake. Wataalamu wa atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani walichora ramani kwa kutumia orodha ya simu za mezani za mwaka 2005, na akina Maia wanajigawa kwenye ramani hiyo bila kuulizwa. Meyer yenye y iko hasa kaskazini magharibi, Niedersachsen na maeneo ya jirani, na kuna wilaya ambako Meyer humpita hata Müller. Maier na Mayer ni za kusini, Baden-Württemberg na Bavaria. Mayr na Mair ni za Bavaria ya kusini, Austria na Tirol, milimani kabisa. Meier imesambaa zaidi ya wenzake wote. Meyer peke yake imo ndani ya majina kumi ya kwanza ya Ujerumani, na ukizihesabu tahajia zote kama jina moja, hupanda na kukaa jirani na Müller na Schmidt. Wajerumani wenyewe wanapotaka kusema "Juma, Ali na Hamisi" husema "Müller, Meier, Schulze". Wana hata kiapo cha mzaha: jambo fulani likitokea, basi niiteni Meier! Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, alijigamba hivyo kuhusu ndege za adui, na mabomu yalipoanza kumwagika mijini watu wakawa wanamwita Meier kisogoni. Nje ya Ujerumani utalikuta Alsace huko Ufaransa, Uswisi, Uholanzi kwa umbo la Meijer, na Afrika Kusini miongoni mwa Makaburu: Roelf Meyer ndiye aliyekaa mezani na Cyril Ramaphosa katika mazungumzo ya kumaliza utawala wa ubaguzi.

Kwenye habari ya Uyahudi, aliyekwambia hakudanganya, ila amechukua kipande akakifanya kizima. Katika Kiebrania kuna jina la mwanamume, Meir, maana yake mwenye kutoa nuru. Ni jina la heshima tangu Rabi Meir wa karne ya 2, na Ujerumani yenyewe ilikuwa na Meir wa Rothenburg, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 13, aliyefia kifungoni mwaka 1293. Wayahudi wengi wa nchi zile hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Mtu aliitwa fulani mwana wa fulani, kama wengi wetu tulivyokuwa. Kisha serikali zikawaamuru wachague: Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812, Bavaria mwaka 1813. Aliyekuwa mwana wa Meir alijikuta na jina linalofanana kabisa na la mkulima Mkristo wa jirani, akalichukua na hakuna aliyeshangaa. Majina mawili yasiyohusiana, moja la Kilatini na jingine la Kiebrania, yakaingia chungu kimoja. Ndiyo maana huwezi kumtambua mtu dini kwa kusikia Meyer. Idadi kubwa ya akina Meyer wa vijijini Niedersachsen ni wa asili ya wakulima, Walutheri au Wakatoliki, lakini kwa familia moja moja kinachosema ni kitabu cha kumbukumbu, si jina.

Tufike kwa Hans Meyer, maana najua hapo ndipo majirani wanaposubiri. Alizaliwa mwaka 1858 Hildburghausen, mji mdogo wa Thüringen, katikati ya Ujerumani, mbali na Osnabrück. Familia yake ilikuwa ya wachapishaji matajiri: babu yake, Joseph Meyer aliyezaliwa Gotha, alianzisha mwaka 1826 kampuni iliyotoa ensaiklopidia mashuhuri yenye jina la ukoo huo. Pesa hizo ndizo zilizomlipia safari za Afrika. Safari ya mwaka 1888 iliishia vibaya: yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa pwani na watu wa Abushiri bin Salim, vita vya kuwapinga Wajerumani vilipopamba moto, wakaachiwa kwa kulipa fidia. Akarudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kileleni Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Meyer akakipa kilele jina la Kaisari Wilhelm, jina lililodumu hadi nchi ilipojitawala na kilele kikaitwa Uhuru. Jina lake mwenyewe bado liko mlimani: wapanda mlima wa njia ya Marangu hupumzika kwenye pango la Hans Meyer usiku wa kwenda kileleni, na kilele cha juu cha Mawenzi pia kinaitwa kwa jina lake. Kwa familia ya wakulima wa Osnabrück, kufanana jina na mchapishaji wa Thüringen si ushahidi wa chochote.

Kama majirani wanataka Meyer wa kujivunia aliye karibu zaidi na kwao shemeji, wape wa meli. Papenburg, kaskazini ya Osnabrück, kuna kiwanda cha meli kilichoanzishwa na familia ya Meyer mwaka 1795. Mwaka 1913 kilijenga meli ya Ziwa Tanganyika, kikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaibuliwa baada ya vita, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba.

Huyo Goetzen ambaye meli ilipewa jina lake alikuwa gavana Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Na mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, aliyesimama Songea mbele ya wajukuu wa waliouawa akaomba msamaha kwa niaba ya Ujerumani alikuwa Rais Frank-Walter Steinmeier, mzaliwa wa Detmold, Lippe, kule kule kwenye majina marefu niliyoyataja. Maia watatu katika historia ya nchi moja, Thüringen, Papenburg na Lippe, na hakuna jina linalowafanya kuwa ndugu. Binti yako anaweza kuwasimulia wenzake huo mlima, hiyo meli na hiyo hotuba, mradi asiseme "babu yangu".

Kama mnataka kumjua babu wa kweli, msianze na jina. Kwa wingi wake, ukilitafuta Meyer peke yake kwenye mtandao utazama. Anzeni na kijiji na dini. Mwombe mama mkwe vyeti vya zamani alivyo navyo, hasa cheti cha ndoa cha babu na bibi, kwa kuwa huko huandikwa wazazi wa pande zote mbili. Kwa kumbukumbu za serikali andikeni kwa Standesamt, yaani ofisi ya msajili, ya eneo lile. Kumbukumbu za kuzaliwa zilizovuka miaka 110, za ndoa zilizovuka 80 na za vifo zilizovuka 30 zimehamishiwa hifadhi za nyaraka, na hizo mtu yeyote anaweza kuomba kuziona. Kabla ya mwaka 1874 mnahamia vitabu vya kanisa: kama ukoo ni wa Kikatoliki, tafuteni kwenye tovuti ya Matricula, ambayo ni bure, kama ni wa Kilutheri, vingi viko Archion, na hapo mtalipia. Mwandiko ni wa Kijerumani wa zamani, kwa hiyo mpeni shemeji muda wa kuuzoea, maana Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Tafuteni Meyer, Meier, Meijer na Meyger kwa pamoja, na kila mtakapoona gen. simameni msome mstari mzima kabla ya kuendelea.